Nusu ya Nyumba Ilipokwenda Ruring'u

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Alinunua ng'ombe na mbuzi Nanyuki na kule mbele ya Nanyuki, ambako nyasi ni fupi na watu ni warefu, akawaleta Nyeri kwa wachinjaji. Mimi nilipika mahamri na sambusa kwa hoteli za mjini, na nilipopata nafasi nilishona. Tuliishi Majengo, mtaa wa Waislamu wa Nyeri, ambao wazee wake walitoka kila upande: mpagazi, askari, mpishi wa mzungu, muuza shanga. Babu yangu mzaa baba alikuja na msafara kutoka pwani, akaipenda baridi, au pengine alikosa nauli ya kurudi. Hadithi ilibadilika kulingana na aliyeisimulia. Mama yangu alikuwa Mkikuyu wa Ruring'u, nje kidogo ya mji, aliyesilimu akaolewa na baba, na mpaka uzeeni aliongea Kiswahili chake mwenyewe, ambacho hakikumwomba mtu ruhusa.

Tulioana miaka michache baada ya Uhuru. Tukajenga nyumba ya mbao, vyumba vinne kwenye mstari mmoja, varanda mbele, jiko nyuma. Nguzo zilikuwa za mtarakwa, mti usioliwa na mchwa, zimetoka kwa mama. Mbao alinunua mume wangu. Mabati nilinunua mimi, bati kwa bati, kila nilipopata faida ya kutosha. Mvua ikipiga juu usiku nilikuwa nikisema moyoni, hizo ni sambusa zangu zinalia. Tulikaa vyumba viwili, viwili tukapangisha. Tukapata binti mmoja, na Mungu hakutupa mwingine.

Kisha mume wangu akaoa Nanyuki. Sikuambiwa na watu. Alikuja kuniambia mwenyewe, mchana, amekaa kwenye kiti chake cha siku zote, kofia mkononi.

"Mama," akasema, "nimeoa."

"Wapi?"

"Nanyuki. Binti wa yule mzee anayeniuzia mbuzi."

Dini inamruhusu, na mimi nililelewa vizuri, sikutukana. Nilimpakulia chakula akala. Lakini baada ya hapo mambo yakaanza kubadilika polepole. Kwanza alikuwa akija kila wiki, kisha kila mwezi. Akataka sote tuhamie Nanyuki, tuishi kwenye uwanja mmoja. Mimi nilikuwa na mama mzee Ruring'u, nilikuwa na wateja, nilikuwa na mashine yangu ya kushona. Nanyuki ningeanza upya kupika kwa watu wasionijua. Nikamwambia sitaki. Hakunilazimisha, na hakubaki. Ndoa yetu haikuvunjika kwa kelele. Ilikwisha kama sabuni: kila siku ipo, na kila siku ni ndogo kuliko jana.

Siku moja alipokuja nilimwambia, "Baba, nataka tuachane."

Akaweka kikombe chini. "Nimekukosea nini?"

"Hukunikosea. Lakini wewe unaishi Nanyuki na mimi naishi Nyeri. Jina la ndoa peke yake halinipi joto."

Alimaliza chai, akaenda kuswali, akaondoka. Alirudi wiki iliyofuata akaniambia, "Nimefikiri. Ikiwa ndivyo moyo wako unavyosema, sawa. Ila tusifanye mambo ya watu kutucheka."

Nilifurahi kwa nusu saa hivi. Halafu hofu ikaniingia. Sikujua chochote kuhusu talaka isipokuwa yale niliyosikia kisimani na kwenye matanga. Majirani walisema mwanamke akitoka, hutoka na nguo zake na sufuria aliyokuja nayo. Mwingine akasema la, nenda kortini, utapewa nusu. Wa tatu akasema kortini utazeeka. Kaka yangu, aliyekuwa karani Karatina, akanishauri nimwone wakili kabla sijamsikiliza mtu mwingine yeyote. "Hofu yako ni ya kutojua," alisema. "Nenda ukajue."

Wakili alikuwa na ofisi juu ya duka la vitambaa mjini. Alikuwa kijana, tai imemkaba, na nilipoingia nilimwona kama mwanafunzi aliyekaa kwenye kiti cha mwalimu. Lakini aliniheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa.

"Mama," akasema, "talaka yenyewe ni kazi ya kadhi, kwa sababu mlioana kwa nikahi. Nikisema nitaifanya mimi nitakuwa nakudanganya. Mimi ninaweza kukusaidia kwa mali. Tunaweza kwenda Mahakama Kuu tuseme nyumba ni yenu wawili."

"Itachukua muda gani?"

Akatazama dari. "Tukibahatika, mwaka na kitu. Tusipobahatika, huyo msichana wako atakuwa amemaliza shule ya msingi."

"Na gharama?"

Akaanza kunieleza. Kuna ada ya kufungua kesi. Kuna kuandika kiapo. Kuna kila siku atakayosimama mbele ya jaji, hata kama siku hiyo jaji atasema tu njooni mwezi ujao. Kuna mtu wa kuja kuikadiria nyumba. Na mume wangu naye akitafuta wakili, basi barua za wakili na wakili, na kila barua ina bei yake. Sitaji shilingi, kwa maana shilingi ya siku zile haifanani na ya leo. Nilipiga hesabu kichwani nikaona jumla ni kama kuuza chumba kimoja cha nyumba yetu, pamoja na mlango na dirisha lake.

"Basi nitakula chumba ili nigawiwe chumba?" nikamwuliza.

Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, ungekuwa wakili wewe." Kisha akawa makini. "Ziko kesi ambazo lazima ziende kortini. Mume akikataa kabisa, akikufukuza, akiuza mali nyuma yako, rudi hapa hata kama huna pesa, tutatafuta njia. Lakini huyu wako bado anaongea. Ongeeni. Risiti za mabati unazo?"

Nani Majengo aliweka risiti za mabati? Nikamwambia sina.

"Basi ushahidi wako ni mdomo wa mumeo," akasema. "Uutunze huo mdomo usikasirike."

Alinitoza ada ndogo ya mazungumzo, na kabla sijashuka ngazi alikuwa ameagiza sambusa za Ijumaa.

Kadhi aliyetuhudumia alikuwa akitoka mbali, akija Nyeri mara kwa mara na kukaa kwenye chumba kando ya msikiti. Alikuwa mzee mfupi mwenye sauti ya upole na tabia ya kurudia neno la mwisho la mtu kana kwamba analionja. Mume wangu na mimi tulikwenda pamoja. Jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba hataandika chochote siku ile. Lazima kwanza tupatanishwe: mtu mmoja wa upande wangu, mmoja wa upande wa mume, wakae nasi, watafute kama bado kuna kitu cha kuokoa.

Upande wangu alikuwa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, mpishi mstaafu wa hoteli ya wazungu, mtu wa maneno machache. Upande wa mume alikuwa kaka yake mkubwa, shemeji yangu, ambaye pia alifanya biashara ya mifugo na aliongea kama yuko mnadani. Walikuja nyumbani kwetu nikawapikia pilau. Walikaa siku nzima. Shemeji alisema nijaribu Nanyuki mwaka mmoja. Baba mdogo alimwuliza mume wangu kama yeye angejaribu Nyeri mwaka mmoja. Mume wangu akasema biashara yake iko kule, na mtoto mchanga yuko kule. Baba mdogo akatikisa kichwa. "Basi hakuna mwenye kosa," akasema, "na pasipo na kosa hakuna la kusameheana." Hapo ndipo walipokubaliana kwamba hakuna suluhu.

Tuliporudi kwa kadhi alitueleza kuna njia mbili, na ninashukuru alizieleza taratibu, maana gharama yote ilikuwa humo. Mke akijikomboa mwenyewe, hurudisha mahari aliyopewa. Mume akitoa talaka, mke hubaki na mahari yake, hulipwa pia ile iliyobaki, na mume humlisha muda wote wa eda, ile miezi ya kungoja.

Mahari yangu ilikuwa mashine ya kushona, ambayo nilipewa siku ya harusi, na ng'ombe wa maziwa, ambaye alibaki ahadi. Kwa mfanyabiashara wa ng'ombe kukaa na deni la ng'ombe miaka yote ile ni mzaha uliokuwa ukituchekesha sisi wenyewe.

Shemeji akarukia. "Yeye ndiye anayetaka kutoka. Arudishe mashine, na habari ya ng'ombe iishe."

Nilimwachia mume wangu ajibu. Nilikumbuka maneno ya wakili. Kadhi akamtazama mume wangu. "Wewe wasemaje?"

Mume wangu alikuwa akiangalia mikono yake. "Mashine ile imenishonea kanzu hii niliyovaa," akasema. "Sitaipokea. Nitatoa talaka mimi."

"Na ng'ombe?"

"Na ng'ombe nitatoa."

Kadhi akarudia, "Nitatoa," akaandika. Mambo ya mtoto yalichukua muda mfupi: binti akae na mimi, baba alipe karo na nguo, na likizo aende Nanyuki akitaka. Mambo ya nyumba kadhi akayaahirisha mpaka eda iishe, kwa kuwa eda ningeikalia humo humo ndani na hakuna ruhusa ya kunitoa. Ada ya kadhi yote, kufungua na kuandika, ilikuwa kidogo kuliko gharama ya lile pilau.

Nikapewa talaka moja, na eda ya miezi mitatu ikaanza.

Nilidhani itakuwa kipindi cha huzuni. Haikuwa hivyo. Mume wangu alitimiza wajibu wake kwa namna iliyowashangaza hata waliokuwa wakimsema. Kila alipoleta mifugo Nyeri alinipitishia nyama, unga na sukari. Alilala kwa rafiki yake upande wa pili wa mtaa, akaja mchana kutuona. Alikaa varandani na binti yetu wakifanya hesabu za shule kwa mbuzi: ukinunua mbuzi Nanyuki kwa bei hii, mmoja akafa njiani, utauza waliobaki kwa bei gani ili usile hasara? Mtoto alifaulu hesabu mwaka ule.

Mtaa wote ulikuwa ukitutazama. Kila mtu alijua sheria: kabla ya eda kwisha mume anaweza kumrudia mkewe bila nikahi mpya. Hahitaji mahari. Hata kibali cha mke haombi. Akisema tu mbele ya mashahidi kwamba nimemrudia, amemrudia. Mimi nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua. Mama yangu aliyejua pia akanionya: "Wewe mtoto, usipike vizuri sana hii miezi. Atakurudisha kwa sababu ya tumbo yake."

Siku za mwisho mwisho mume wangu alikuja asubuhi nikiwa nakaanga. Hakuketi. Alisimama mlangoni mwa jiko, moshi unampiga usoni.

"Siku bado zipo," akasema.

"Zipo chache," nikajibu.

"Ningeweza kusema neno moja tu, na umerudi."

Nikageuza sambusa kwenye mafuta ili nipate la kufanya. "Najua unaweza," nikasema.

"Sitaki kulisema bila kukuuliza. Nikuulize?"

Sijawahi kumpenda mume wangu kuliko dakika ile, na ninasema hivyo bila haya. Laiti angeniuliza mambo hivyo miaka ya nyuma, kabla hajaoa, kabla hajaamua tutaishi wapi! Nilitaka kusema ndiyo. Kisha nikaiona ndiyo hiyo ikiwa imekaa Nanyuki, kwenye uwanja wa mwanamke mwingine asiyenikosea chochote, au imebaki Nyeri ikingoja lori mwisho wa mwezi.

"Niulize," nikasema, "lakini jibu langu ni lile lile."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akachukua sambusa mbili za moto, akazifunga kwenye gazeti, akaenda. Eda ikaisha, hakusema lile neno.

Sasa ikabaki nyumba. Kadhi alipokuja tena tulikaa sote: mume wangu, mimi, baba mdogo, shemeji, na mama yangu aliyekataa kuachwa nyuma. Kadhi alisema katika dini yetu ndoa haichanganyi mifuko. Cha mke ni cha mke, cha mume ni cha mume; nyumba haiwi ya mwanamume kwa kuwa ni mwanamume. Basi kila mtu aseme alitoa nini.

Hapa ndipo nilipoogopa zaidi, maana mume wa mtu anaweza kusahau mambo akitaka. Shemeji alianza kukohoa. Lakini mume wangu alisema kwa sauti ya kawaida, "Mbao nilinunua mimi. Fundi nililipa mimi. Nguzo zilitoka kwa mama mkwe. Mabati ni yake, yote."

"Yote," akarudia kadhi. Akafikiri, akasema nyumba ni nusu kwa nusu.

Nusu kwa nusu ni rahisi kusema. Ploti haikuwa yetu; ilikuwa ya kanjo, yaani baraza la mji, na kibali cha kukaa pale kilikuwa kwa jina la mume wangu. Kwa hiyo ama yeye anilipe thamani ya nusu yangu nitoke, ama mimi nimlipe yake na kibali kibadilishwe. Lakini miaka ile bei ya kahawa ilikuwa imepanda, na kila mwenye mashamba ya kahawa kutoka Karatina mpaka Othaya alikuwa akijenga. Mbao zilikuwa ghali, mafundi hawapatikani, na nyumba yetu ya zamani ikajikuta ina thamani ambayo hakuna kati yetu aliyeimudu. Pesa za mume wangu zilikuwa na miguu minne, nyingine ziko njiani kutoka Nanyuki wakati ule ule. Yeye hakutaka kuuza kwa mtu wa nje, maana alihitaji pa kufikia akija Nyeri. Mimi sikutaka kumdai kwa mafungu mpaka uzee.

Mazungumzo yakazunguka mpaka nikachoka. Nikasema, nusu kwa hasira nusu kwa mzaha, "Basi nitaibeba nusu yangu niende nayo."

Shemeji akacheka. Mume wangu akacheka. Baba mdogo hakucheka.

"Kwa nini asiibebe?" akauliza. "Ni mbao na misumari."

Mama akaingilia. "Niko na mahali Ruring'u. Shamba yangu haina kitu hapo mbele. Nyumba si mti ati ikitolewa inakufa. Sisi zamani tulikuwa tunahama na nguzo."

Mume wangu akahesabu kwa vidole vyumba ambavyo alivijua kama mikono yake. "Viwili vya kushoto, viwili vya kulia," akasema. "Inawezekana."

Kadhi alisema hajawahi kuandika uamuzi wa namna ile, kisha akauandika.

Siku ya kubomoa ilikuwa Jumamosi ya jua. Nilimpata fundi mmoja wa Ruring'u aliyekubali kuja kati ya kazi mbili za watu wa kahawa. Majirani walikuja na wengine walikuja na viti. Mabati yalishuka kwanza, yakalia kama ngoma mbovu, kisha boriti, kisha mbao za kuta. Kila mtu alifanya kazi: wanaume waling'oa, wanawake wakanyoosha misumari kwa mawe, watoto wakaikusanya kwenye makopo. Mpaka mchana ilikuwa kama harusi.

Tukafika ukuta wa kati.

Fundi akasimama na nyundo. "Mama, hii ukuta ni ya nani? Nikitoa, mzee atabaki na upepo. Nikiacha, wewe utakuwa na nyumba haina upande moja."

Mume wangu akasema ukuta ni wake, kwa sababu umeshikilia vyumba vyake. Nikasema ni wangu, kwa sababu uamuzi ulisema vyumba viwili, na chumba kina kuta nne. Akasema basi hata chake kina kuta nne. Sauti zikapanda. Miezi yote ile hatukuwahi kugombana, na sasa tukagombania mbao zisizojaza mkokoteni mmoja. Nilimwambia maneno kuhusu Nanyuki ambayo sikuwa nimeyasema siku ile aliponiambia ameoa. Yeye akaniambia kwamba nilipenda mji wa Nyeri kuliko yeye. Majirani wakaacha kunyoosha misumari. Hata fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye mfuko wa vifaa.

Kisha maneno yakatuishia. Nadhani yale maneno yalihitaji mahali pa kutokea na ukuta ule ndio uliopatikana. Nilikaa juu ya rundo la mbao. Akaja akakaa kando yangu, si karibu sana.

"Chukua mlango wa mbele," akasema. Mlango ule ulikuwa wa mbao ngumu ya Meru, aliununua mwaka tuliohamia, na kila mgeni aliusifu. Ulikuwa upande wake. "Niachie ukuta, nikupe mlango."

"Na bawaba zake?"

"Na bawaba, na kufuli, na funguo zote mbili."

Tukakubaliana. Baba mdogo akasema kwa sauti ya chini kwamba kadhi angetumia mwezi mzima kupata suluhu ile.

Mbao, mabati, nguzo na mlango vilikwenda Ruring'u kwa lori la ng'ombe la mume wangu. Aliliosha, lakini ng'ombe hawaoshwi wakatoka kwenye lori. Nyumba yangu ilinuka zizi mpaka mvua ilipokuja. Aliliendesha mwenyewe, mimi na mama tumekaa mbele naye, binti katikati. Mwanamke mmoja wa Majengo akapiga kelele kutoka varandani kwake, "Mimi sijawahi kuona mtu akihamisha bibi yake na lori yake mwenyewe!" Mume wangu akapiga honi.

Gharama ya Ruring'u ilikuwa hii: fundi, misumari mipya kwa ile iliyokatika, mbao za ukuta mmoja, simiti kidogo ya sakafu, na lami ya kuziba matundu ya misumari ya zamani kwenye mabati. Sikuyaziba yote. Mvua ya kwanza tuliipokea na sufuria tatu kitandani, mama akicheka mpaka akakohoa. Tangu siku niliposema nataka tuachane mpaka siku nilipolala chini ya bati langu, mvua za masika zilikuwa zimekuja mara mbili.

Ng'ombe alikuja baadaye. Alikuwa ng'ombe wa kule Nanyuki, mwenye nundu na pembe pana, ambaye alitutazama kama tumemkosea. Maziwa yake hayakujaza kikombe.

"Mahari ilisema ng'ombe wa maziwa," nikamwambia mume wangu, ambaye sasa hakuwa mume wangu, ingawa ulimi ulikuwa bado haujajifunza.

"Ng'ombe ni ng'ombe," akasema.

Mama akamtazama ng'ombe, akamtazama yeye. "Hii ni ya kuchinja," akasema. "Peleka, leta ingine."

Hakubisha. Alimwondoa, na baada ya muda akaleta mtamba wa gredi, mwenye damu ya ng'ombe wa kizungu, aliyepatikana karibu na Karatina, mweusi na mweupe, mpole. Alizaa mwaka uliofuata. Kwa maziwa yake nikaanza kuuza chai pamoja na mahamri kando ya uwanja wa michezo wa Ruring'u. Siku za mechi nilikuwa nikiuza mpaka masufuria yanakauka. Niliishi vizuri. Sikuwa tajiri, lakini nilikuwa nikiamka asubuhi bila kumngojea mtu, na utamu wa jambo hilo sikuwa nikiujua kabla.

Wanawake walianza kunijia. Mmoja alikuja usiku wa baridi akasema ametumwa na jirani; wengi walikuja mchana, wakijifanya wananunua mahamri. Wengi wao walikuwa Wakikuyu, wameolewa kwa mbuzi na ng'ombe wa desturi au kanisani, na sheria yao haikuwa yangu. Niliwaambia hivyo kwanza. Wengine niliwapeleka kwa wakili wa juu ya duka la vitambaa, ambaye nywele zake zilikuwa zimeanza kurudi nyuma. Mmoja alikuwa amefukuzwa usiku na watoto. Yeye sikumwambia habari za kuongea kwa upole, nilimshika mkono tukapanda ngazi pamoja. Lakini karibu wote waliniuliza maswali yale yale matatu niliyokuwa nayo mimi: nitalipa nini, itachukua muda gani, nitabaki na nini. Niliwajibu nilichojua. Na nilipoona uso wa mwanamke umelegea kidogo kwa kujua tu, nilimwongezea andazi.

Binti yetu alipoolewa, miaka ya themanini, baba yake alikuja na lori lililojaa mbuzi, na mke wake wa Nanyuki akiwa mbele. Hatukuwa tumewahi kukaa pamoja kwa zaidi ya salamu. Alikuwa mwanamke mrefu, mdogo kwangu, na alishuka akiwa amebeba kisu chake mwenyewe cha kukatia vitunguu, jambo ambalo lilinipendeza mara moja. Tulikaa nyuma ya nyumba na masufuria makubwa, tukamenya na kukata.

Baada ya muda akaniuliza, bila kuinua macho, "Dada, kweli ni wewe uliyeomba talaka?"

"Ni mimi."

"Kwetu walisema alikuacha kwa sababu yangu. Miaka yote nilikuwa nikiogopa kuja hapa."

"Hapana," nikamwambia. "Mimi nilitaka kubaki Nyeri."

Akafikiri juu ya hilo, machozi ya vitunguu yanamtiririka. Kutoka mbele tulisikia shemeji akiongea na wageni kama yuko mnadani, na mume wetu, wa zamani kwangu na wa sasa kwake, akimwomba apunguze sauti.

"Na anakoroma," akasema mwanamke wa Nanyuki.

"Hilo nililijua," nikasema, na tukacheka mpaka wapishi wengine wakaja kuuliza kuna nini.